Ujazo Usiojumlishika: Somo la Ethanoli na Maji kwa Waandaaji wa Kitakasa Mikono

Anayemimina mililita 50 za ethanoli safi na mililita 50 za maji katika silinda moja ya kupimia hutarajia kupata mililita 100. Hazipati. Mchanganyiko ukishapoa, silinda husoma takriban mililita 96. Hakuna kilichomwagika, kwa kuwa tungamo la mchanganyiko ni jumla kamili ya matungamo mawili ya awali. Kilichopungua ni ujazo. Dmitri Mendeleev, anayejulikana zaidi kwa jedwali la elementi, aliwasilisha mwaka 1865 tasnifu yake ya udaktari kuhusu muungano wa alkoholi na maji. Makala haya yanaeleza chanzo cha upungufu huo, kisha yanaonyesha unavyomhusu anayeandaa kitakasa mikono hospitalini.

Chanzo cha upungufu

Molekuli za maji hushikana kwa bondi za hidrojeni, na mtandao wake huacha nafasi wazi ndani yake. Molekuli ya ethanoli ina pande mbili: upande wa haidroksili, unaofungamana na maji, na upande wa kaboni, usiofungamana nayo. Vimiminika hivi vinapokutana, molekuli hujipanga upya. Bondi mpya huundwa, na pande za kaboni hujipachika katika nafasi za mtandao wa maji. Mpangilio mpya huhitaji nafasi ndogo kuliko mipangilio miwili ya awali. Wakati huohuo nishati hutolewa, ndiyo maana chombo hupata joto kikiguswa. Katika thermodinamikia, mchanganyiko ambao haubadilishi ujazo wala kutoa joto huitwa mchanganyiko kamilifu. Ethanoli na maji viko mbali na ukamilifu huo.

Kwa nini maji yahitajike

Huenda msomaji akauliza kwa nini ethanoli safi isitumike bila maji. Ethanoli huua vimelea hasa kwa kuharibu umbo la protini zao na kuvunja utando wa seli, na uharibifu wa protini huenda vizuri zaidi maji yakiwepo. Isitoshe, ethanoli safi hukauka upesi mno juu ya ngozi. Kwa sababu hiyo fomula ya kwanza ya Shirika la Afya Duniani hulenga ethanoli asilimia 80 kwa ujazo, pamoja na gliseroli asilimia 1.45 ya kulinda ngozi na hidrojeni peroksaidi asilimia 0.125 ya kuangamiza mbegu za bakteria zilizoweza kuingia katika chupa au malighafi.

Kutoka fomula hadi pipa

Kwa lita 10, fomula hiyo hutaka mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na mililita 145 za gliseroli ya asilimia 98. Jumla ni mililita 8,895. Anayetegemea kutoa na kujumlisha peke yake atapima maji mililita 1,105, kisha atashangaa pipa likipungukiwa na karibu mililita 200. Hii ndiyo sababu fomula haitaji kiasi cha maji. Huagiza tu kwamba maji yaliyokenekwa, au yaliyochemshwa na kupoa, yaongezwe mpaka alama ya lita 10.

Upungufu huo peke yake hauleti hatari kubwa: ethanoli huzidi kidogo tu, kufikia karibu asilimia 82. Hatari iko katika kupima nguvu ya ethanoli.

Hidromita ya alkoholi husoma densiti, nayo kwa kawaida hurekebishwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kimiminika kikipata joto hutanuka, densiti hushuka, na hidromita huonyesha ethanoli nyingi kuliko iliyopo. Tuchukue mchanganyiko wa ethanoli na maji tu, katika chumba chenye nyuzi 30. Kipimo kikisoma 77, nguvu halisi ni karibu 74. Kikomo cha chini kinachokubalika kwa kitakasa hiki ni asilimia 75. Mhudumu aliyeridhika na 77 atakuwa amepitisha kimiminika kilicho chini ya kiwango, na mikono itakayokitumia itamgusa mgonjwa mwenye kidonda au mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Hali kama hiyo hutokea kwa urahisi pale ethanoli iliyonunuliwa inapokuwa dhaifu kuliko ilivyoandikwa kwenye lebo.

Mambo ya kuzingatia

1. Pima nguvu ya ethanoli kabla ya kuchanganya, kisha pima mchanganyiko wenyewe.
2. Kila usomaji wa hidromita uandikwe pamoja na usomaji wa kipimajoto, na urekebishwe kwa jedwali la halijoto.
3. Mchanganyiko ukiwa bado na joto, subiri upoe, ndipo ujaze maji mpaka alama.
4. Chupa zilizojazwa zitengwe kwa saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi ipate muda wa kufanya kazi.

Zoezi

Changanya mililita 50 za maji na mililita 50 za maji mengine, kisha rudia kwa ethanoli na maji. Linganisha ujazo na halijoto katika majaribio yote mawili, na ueleze kwa nini jaribio la kwanza halionyeshi badiliko lolote.