Chujio la Matusi Halijui Kiswahili

Mwaka 1996 wakazi wa Scunthorpe, mji wa Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za AOL kwa sababu jina la mji wao lina tusi la Kiingereza ndani yake. Kompyuta ilisoma mfuatano wa herufi, ikaona uchafu, ikafunga mlango. Anayesimamia ukurasa wa Kiswahili hukutana na kosa hilo mapema zaidi, maana maneno yetu huvikwa viambishi mbele na nyuma. Andika "kumaliza" au "kumaanisha", kisha zitazame herufi nne za kwanza. Andika "mashitaka", na chujio lililofunzwa Kiingereza litanusa kinyesi katikati ya kesi.

Kwa hiyo, ikiwa programu yako inakupa nafasi ya kuchagua, zuia neno zima, usizuie kipande cha neno. Ila hapo unajiongezea kazi: lazima uandike umoja, wingi na maumbo ya kudunisha na ya kukuza yanayoanza na "ki-" au "ji-", kila umbo peke yake. Ongeza na mbinu za wakorofi: 3 badala ya e, 0 badala ya o, nukta katikati ya herufi. Hata hivyo usitegemee kuwamaliza. Mswahili hodari wa kutukana hahitaji neno chafu. Humtaja mama wa mwenzake kwa maneno safi kabisa, na walengwa wote wakaelewa.

Jambo la pili ni kuamua unazuia nini hasa, kwa kuwa mizani ya matusi imebadilika. Novemba 2022 YouTube iliyabana mapato ya video zenye matusi katika sekunde za mwanzo. Watengenezaji wakalalamika, Machi 2023 sheria ikalegezwa, na Julai 2025 hata tusi zito ndani ya sekunde 7 za kwanza likaacha kumnyima mtu mapato kamili ya matangazo. Huko Uingereza, utafiti wa mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba watu wamezidi kuyavumilia matusi ya kawaida huku wakiichukia zaidi lugha ya ubaguzi.

Sisemi tuige, kwetu tusi la nguoni bado linaweza kuvunja undugu, na ukurasa wa msikiti, kanisa au shule una haki ya kulikataa moja kwa moja. Lakini aliyejikwaa akaapiza si sawa na anayewaita jirani zake wadudu. Mwaka 2022, kuelekea uchaguzi mkuu wa Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitangaza orodha ya maneno ya uchochezi, na "madoadoa" lilikuwemo. Neno hilo lenyewe ni mabaka tu, si tusi hata kidogo; uchochezi huja linapotumiwa kuwaita watu wa makabila mengine. Ukiliweka kwenye chujio utamzuia pia mfugaji anayeeleza ugonjwa wa ngozi ya ng'ombe wake.

Ndiyo maana nashauri orodha mbili. Ya kwanza iwe fupi, ya matusi yasiyo na maana nyingine yoyote; hayo yafichwe papo hapo. Ya pili ni ya maneno yenye sura mbili, kama "madoadoa" au majina ya kejeli ya makabila na ya walemavu: maoni yasubiri msimamizi ayasome. Facebook, Instagram na TikTok zote zina sehemu ya kuandika maneno unayotaka yazuiwe kwenye maoni. Itafute ndani ya mipangilio. Kumbuka tu kwamba kwenye Facebook maoni yaliyofichwa bado huonekana na aliyeyaandika na marafiki zake, hivyo usishangae ugomvi ukiendelea pembeni.

WhatsApp haina chujio la namna hiyo kwa makundi. Huko silaha ya msimamizi ni kufuta ujumbe kwa wote na kanuni zilizoandikwa kwenye maelezo ya kundi. Zitaje wazi: ni lugha gani hufutwa, nani huonywa, nani hutolewa.

Pitia yaliyozuiwa mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo. Neno linalonasa wasio na hatia kila siku litoe kwenye orodha, na aliyezuiwa kimakosa mwandikie faraghani umweleze ni neno gani lililomponza, ili asidhani amefukuzwa.