SOMO LA ROBO HII: KITANDA CHA MTOTO MCHANGA KINACHODUMU



Katika parokia na sharika nyingi za Bukoba na Muleba, kamati za maendeleo hupokea fedha za kununulia samani za watoto wachanga: vitanda vya kituo cha yatima, vya chumba cha kulelea watoto mchana, au vya wodi ya zahanati. Fedha zikishatumika, kamati huulizwa na wafadhili swali moja: "Mmenunua vitanda vingapi?" Katika somo hili tunapendekeza swali la pili: "Vitanda hivyo vitalaza watoto kwa miaka mingapi?"

Nyumbani kwetu mtoto mchanga hulala na mama yake. Anayehitaji kitanda cha peke yake mara nyingi ni yule ambaye mama yake hayupo. Mkoa wetu unalijua jambo hili. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata familia nyingi zilibaki na watoto bila wazazi. Katika kituo, mlezi mmoja huangalia watoto wengi. Usiku mlezi akiwa upande wa pili wa chumba, kinachomlinda mtoto ni kitanda chenyewe. Fito ikichomoka au ubavu ukilegea, mtoto ataanguka au atanasa kichwa. Kwa hiyo uimara wa kitanda si suala la urembo.

Mbao gani?

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa ya ziwani ina unyevu karibu wakati wote. Samani za mbao za kubandikwa kwa gundi, kama chipubodi, huvutia macho dukani. Lakini zikipigwa deki kila siku na kulowa mkojo wa watoto, huvimba na skrubu hazishiki tena. Mbao halisi hustahimili zaidi, na zikilegea fundi wa kijijini anaweza kuzitengeneza.

Mvule ni mti mgumu usioliwa kirahisi na mchwa, lakini umekuwa adimu. Mninga hutulia vizuri ukishakauka, ila husafirishwa kutoka mikoa mingine na bei yake ni kubwa. Musizi hukua haraka, hata katika vibanja vya migomba na kahawa. Ni mwepisi na rahisi kuranda, lakini haustahimili mchwa wala wadudu watobozi. Msindano, unaopandwa katika mashamba ya miti kama Rubare karibu na Bukoba, hufaa kwa kitanda ikiwa mbao ni kavu na hazina vifundo vikubwa kwenye fito. Mkaratusi una nguvu, lakini ukikaushwa haraka hupinda na kupasuka.

Ushauri wetu ni huu: miguu na fremu ziwe za mti mgumu, na fito zinaweza kuwa za msindano uliochaguliwa vizuri. Kitanda kiwekwe kwenye sakafu ya saruji, si ya udongo, ili mchwa wasipande. Kamati idai pia risiti na kibali cha kusafirisha mbao hizo. Sadaka ya kusaidia yatima isinunue mbao zilizoibwa katika hifadhi kama msitu wa Minziro.

Mbao ziwe kavu

Kitanda cha mti mzuri kitalegea kama mbao zilikuwa mbichi. Mbao mbichi husinyaa baada ya kuungwa. Ulimi hulegea ndani ya tundu lake, na kitanda huanza kuyumba. Mbao zipangwe chini ya paa, zimeinuliwa kutoka ardhini, na vijiti viwekwe kati yake ili hewa ipite. Katika hali ya hewa yetu kazi hii huchukua miezi, si wiki.

Kuna kipimo ambacho kamati yoyote inaweza kukifanya. Chukueni kipande kilichokatwa katikati ya ubao, mkipime kwenye mizani ya duka, muandike uzito. Rudieni kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado ni mbichi. Ukiacha kushuka, fundi aanze kazi.

Viungo na vipimo

Miguu na fremu viungwe kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyochongwa iingie katika tundu la ubao mwingine, pamoja na gundi. Msumari peke yake hautoshi, kwa sababu mtoto anayesimama na kutikisa ubavu huung'oa kidogo kidogo. Kila fito iingie kwenye tundu juu na chini; isigongelewe kwa nje.

Mambo ya kupima kabla ya kupokea kitanda:

1. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda lisiweze kupita. Nafasi kubwa zaidi huruhusu mwili wa mtoto kupita na kichwa kunasa.
2. Kutoka kwenye mbao za kulazia godoro, zikiwa chini kabisa, hadi juu ya ubavu pasipungue sentimita 60.
3. Godoro liwe gumu na lijae kitanda. Vidole viwili vikipita kati ya godoro na ubavu, godoro ni dogo.
4. Ubavu usiwe wa kushuka na kupanda. Vitanda vya aina hiyo vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya watoto kubanwa na kufa.
5. Pitisheni kitambaa laini kila mahali. Kikikwama, msasa haujatosha.

Walezi nao wakumbushwe kwamba mtoto mchanga alazwe chali, bila mto wala nguo nzito kitandani.

Rangi na dawa ya mbao

Mtoto anayeota meno hutafuna ubavu wa kitanda. Kwa sababu hiyo tusitumie mbao zilizotiwa dawa ya kijani kama za nguzo na paa, maana dawa hiyo huwa na aseniki. Rangi nazo nyingine zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Fundi aonyeshe kopo la rangi au vanishi, na liwe limeandikwa kwamba halina risasi. Kitanda kikae mahali penye hewa hadi harufu iishe.

Chandarua

Muleba inajulikana kwa milipuko ya malaria. Ni Muleba pia ambako utafiti, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya PBO viliwakinga watoto kuliko vyandarua vya kawaida. Basi kabla ya kuagiza vitanda, pimeni chandarua mlicho nacho. Kifunike kitanda chote, kining'inizwe kwenye dari, na kamba zisifikiwe na mtoto.

Kuhusu mahali pa kuweka kitanda, tukumbuke tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi katika mkoa wetu. Kitanda kisikae chini ya rafu nzito, na kabati lifungwe ukutani.

Hesabu ya kweli

Tuseme kitanda cha bei rahisi ni shilingi 80,000 na kinadumu miaka 2. Hizo ni shilingi 40,000 kwa mwaka. Kitanda imara ni shilingi 240,000 na kinadumu miaka 12. Hizo ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Wafadhili wetu tunawaomba wakubali ripoti yenye vitanda vichache vilivyo imara, na kamati ziwaeleze hesabu hii mapema, kabla fedha hazijatumwa.

Kwa fundi, andikeni mkataba wenye aina ya mbao, vipimo na tarehe. Atengeneze kwanza kitanda kimoja cha mfano. Kikikubaliwa, aendelee na vingine. Lipeni kwa awamu, na sehemu ya mwisho itolewe baada ya ukaguzi. Akubali pia kurudi baada ya msimu mmoja wa mvua kukaza kilicholegea.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Je, vitanda tulivyonunua mara ya mwisho bado vinatumika? Vilivyoharibika viliharibikia wapi?
2. Ni nani katika parokia au usharika wetu anajua kutambua mbao kavu?
3. Nani atakagua vitanda kila baada ya miezi mitatu, na ataandika wapi?