Kabla ya Kubishania Rangi

Kamati ya harusi ikishakubaliana kwamba sare ni damu ya mzee, kazi bado haijaisha. Mmoja atarudi na kitambaa kinachoelekea zambarau, mwingine na chekundu kilichofifia, na kila mmoja ataapa kuwa ndicho kilichosemwa kikaoni. Huenda wote wanasema kweli.

Chanzo kimoja ni lugha. Majina ya asili ya rangi yanayobeba viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni matatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Mengine mengi tumeyatoa kwenye vitu: jivu, kahawa, tunda la zambarau, manjano ya jikoni. Mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay wa Marekani walichapisha utafiti uliodai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na hayo hayo. Majina yakiwa machache hivyo, "-ekundu" inafanya kazi nyingi mno. Udongo mwekundu, ng'ombe mwekundu na gari jekundu, hakuna viwili vinavyofanana, na hakuna anayelalamika mpaka fedha za sare zitolewe.

Chanzo cha pili ni mwanga. Februari 2015 picha ya gauni moja iligawanya watu duniani kote: wengine waliona buluu na nyeusi, wengine nyeupe na dhahabu. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu na nyeusi. Ubongo hukisia kwanza mwanga uliokiangukia kitu, kisha huuondoa katika hesabu yake. Wawili wakikisia tofauti, wataona tofauti. Vivyo hivyo, vitambaa viwili vinaweza kulingana chini ya taa ya dukani, ukivitoa juani vikaachana kabisa.

Kwa hiyo usimtume mtu sokoni na jina la rangi peke yake. Mpe kipande cha kitambaa, naye akilinganishe mlangoni, penye mwanga wa mchana. Picha ya simu haitoshi, kwani kila kioo cha simu kina rangi zake. Kwa rangi ya nyumba, chagua kwenye katalogi na uandike namba yake, kisha fundi apake sehemu ndogo ya ukuta. Iache ikauke. Itazame asubuhi, na tena usiku taa zikiwaka, ndipo ununue ndoo zilizobaki, zote za mchanganyiko mmoja.

Lakini kuna tofauti ambayo sampuli haiwezi kuimaliza. Jicho lina aina tatu za seli za kutambua rangi, na wapo watu ambao aina moja imepungua au haipo. Huu ndio upofu wa rangi, na jina hilo linapotosha, maana wengi wao wanaona rangi vizuri ila wanachanganya nyekundu na kijani. Mkemia John Dalton wa Uingereza alieleza hali yake mwenyewe mwaka 1794. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini humpata mwanamume 1 kati ya 12 hivi, na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini, ila wapo. Mama anaweza kumrithisha mwanawe wa kiume huku yeye mwenyewe akiona sawasawa.

Mtoto akipaka majani rangi ya kahawia, au akishindwa kuchagua nyanya zilizoiva, msimcheke wala msimchape. Daktari wa macho ana vitabu vya vipimo vya Ishihara, vilivyoanza mwaka 1917, na kazi huchukua dakika chache. Hali ya kurithi haina tiba. Inatosha mwalimu kuandika majina kwenye penseli za rangi na kuepuka chaki nyekundu kwenye ubao wa kijani.

Mtu mzima akiona rangi zinabadilika ghafla, hasa katika jicho moja, hilo si la kurithi. Aende hospitali mapema.