"Na" au "Kwa"? Nafasi ya Wakala wa Tarakilishi katika Sarufi na Fasihi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana ya wakala katika taaluma ya akili bandia kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili. Yanaonyesha kwamba taaluma hiyo imekopa pakubwa kutoka kwa falsafa ya lugha, na kwamba sarufi ya Kiswahili ina nyenzo za kutusaidia kulijibu swali zito: programu inapokosea, ni nani aliyetenda?

1. Utangulizi

Katika somo moja la tafsiri, tulipewa sentensi fupi kuhusu programu ya tarakilishi inayojibu barua za wateja. Nusu ya darasa iliandika, "Wakala ametuma jibu." Nusu ya pili iliandika, "Wakala imetuma jibu." Mjadala ukawaka. Kundi la kwanza lilishikilia kwamba wakala ni nomino ya mtu, kama zilivyo waziri na daktari, na kwa hiyo upatanisho wake ni wa ngeli ya A-WA. Kundi la pili lilijibu kwamba kinachotajwa hapa ni chombo kisicho uhai, na hakuna sababu ya kukipa kiambishi cha viumbe. Kipindi kiliisha kabla ya muafaka kupatikana.

Niliondoka nikidhani kwamba tulikuwa tukibishania herufi. Baadaye nilitambua kwamba kiambishi hicho kimoja kimebeba swali la uwajibikaji. Makala haya yanalirudia swali hilo. Hadi tutakapofikia uamuzi, yatatumia upatanisho wa A-WA.

2. Wakala ni nani?

Kwa Mkenya wa leo, neno wakala humkumbusha mwenye kibanda cha M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka wa 2007. Wakala huyu hupokea na kutoa fedha kwa niaba ya kampuni. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu na ni ndugu ya wakili, yule anayesimama mahakamani kwa ajili ya mwingine. Kiini cha maana ni uwakilishi: hakuna wakala asiye na aliyemtuma.

Wataalamu wa tarakilishi wana mtazamo tofauti kidogo. Mwaka wa 1995, Michael Wooldridge na Nicholas Jennings walichapisha makala ambayo hadi leo hurejelewa sana katika taaluma hii. Humo walitaja sifa nne za wakala. Kwanza, hujiendesha bila kuelekezwa na binadamu katika kila hatua. Pili, huwasiliana na mawakala wengine, na pengine binadamu, kwa lugha maalumu. Tatu, huyatambua mazingira yake na kuitikia mabadiliko. Nne, hasubiri kuguswa ndipo atende, bali huanzisha mwenyewe hatua za kulifikia lengo.

Kikokotoo hakina sifa hizi, kwani hungoja kidole. Mfano wa chombo kilichokuwa nazo ni programu ya shirika la NASA la Marekani iliyoitwa Remote Agent. Mwezi Mei 1999, programu hiyo ilikabidhiwa uendeshaji wa chombo cha angani Deep Space 1, kilichokuwa zaidi ya kilomita milioni 90 kutoka duniani. Ilipewa malengo, ikajipangia yenyewe hatua za kuyatimiza, na ikatambua hitilafu zilizoigizwa ili kuipima. Hata hivyo, katika jaribio hilohilo programu ilikwama kutokana na kasoro iliyokuwa ndani yake, na wataalamu waliokuwa duniani wakalazimika kuingilia kati.

Tazama basi kwamba sifa zote nne zinahusu kutenda. Hakuna inayotaja kutumwa. Neno moja la Kiingereza limebeba maana mbili: mtenda, kwa maana ileile tunayoitumia katika sintaksia, na mwakilishi. Kiswahili kinazitenga maana hizo. Tulipochagua neno wakala, tulichagua maana ya pili, na uchaguzi huo una matokeo yake.

3. Mazungumzo ya mawakala na vitendo usemi

Mawakala wengi wanapowekwa pamoja ili washirikiane au washindane, tunapata mfumo wa mawakala wengi. Hapa ndipo mwanafunzi wa pragmatiki anapojikuta nyumbani.

J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka wa 1955 na iliyochapishwa mwaka wa 1962, alieleza kwamba kusema ni kutenda. John Searle aliiendeleza nadharia hiyo mwaka wa 1969. Miongo mitatu hivi baadaye, shirika la FIPA, lililoundwa mwaka wa 1996 kusanifisha mawasiliano ya mawakala, liliijenga lugha yake juu ya msingi huo. Orodha yake ina vitendo usemi 22, vikiwemo kuarifu, kuomba, kupendekeza, kukubali, kukataa na hata kukiri kutoelewa.

Tuchukulie mfano. Mkulima wa Kitale ana magunia ya mahindi ya kupelekwa Nairobi. Wakala wake anatangaza zabuni kwa mawakala wa wenye malori. Mmoja anakataa, kwa kuwa lori lake limejaa. Wawili wanapendekeza bei na saa ya kufika. Wakala wa mkulima anampa kazi mmoja na kumwarifu mwingine kwamba hakufaulu. Utaratibu huu ulielezwa na Reid G. Smith mwaka wa 1980, na yeyote aliyewahi kupatana bei sokoni atautambua mara moja.

Lakini Searle alisisitiza kwamba ahadi ina sharti la unyofu: anayeahidi sharti awe na nia ya kutenda. Je, nia ya wakala wa lori tutaijuaje? Lugha ya FIPA ilichukulia kwamba anayearifu jambo analiamini. Mwaka wa 1998, Munindar Singh aliupinga msingi huo. Hoja yake ilikuwa kwamba hatuwezi kuchungulia ndani ya wakala aliyeundwa na mtu mwingine, hivyo maana ya usemi lazima ijengwe juu ya kile kinachoonekana na wote, yaani wajibu uliotwaliwa hadharani. Katika mtazamo huu, kila ahadi ina mdeni na mdai. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa. Wahenga walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni. Hawakusema kwamba ahadi ni nia.

4. Wakala kama mhusika

Fasihi nayo haiko mbali. Mwaka wa 1987, mwanafalsafa Michael Bratman alieleza dhima ya nia katika mipango ya binadamu. Katika miaka ya 1990, Anand Rao na Michael Georgeff walitumia mawazo hayo kuunda kielelezo cha wakala mwenye mambo matatu: imani, matakwa na nia. Imani ni anachokijua kuhusu ulimwengu wake. Matakwa ni anayotamani yatimie. Nia ni lile aliloamua kulishika na kulitekeleza. Mhakiki wa riwaya huyauliza hayohayo kuhusu mhusika: anajua nini, anataka nini, ameazimia nini?

Mwaka wa 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzao wa Google waliunda kijiji cha kuigiza chenye mawakala 25 walioendeshwa na modeli kubwa ya lugha. Kila mmoja alipewa maelezo mafupi ya maisha yake. Mmoja alipewa nia ya kuandaa sherehe ya Siku ya Valentino. Habari zikaenea kwa mazungumzo, wenzake 12 wakaalikwa, na siku ilipofika 5 wakahudhuria. Hakuna mtunzi aliyeandika onyesho hilo hatua kwa hatua.

Je, ni haki kusema kwamba wahusika hao hawana mtunzi? La hasha. Ulimwengu wao uliundwa, wasifu wao uliandikwa, na nia ya sherehe ilipandikizwa. Sungura wa ngano hunena na kudanganya, nasi humpa upatanisho wa A-WA bila kusita, lakini hakuna anayemshtaki Sungura. Tunajua kwamba nyuma yake yuko fanani. Tashihisi ni mkataba kati ya fanani na hadhira. Hatari huja pale tashihisi inapotoka katika ngano na kuingia katika shughuli za fedha, tiba na sheria, huku hadhira ikiwa haijaarifiwa kwamba mkataba umebadilika.

5. Jaribio la "na" na "kwa"

Hatari hiyo si ya kubuni. Mnamo Novemba 2022, abiria mmoja wa Kanada aliyefiwa aliiuliza programu ya maongezi ya shirika la ndege la Air Canada kuhusu nauli nafuu ya msiba. Programu ilimjibu kwamba angeweza kuiomba baada ya kununua tiketi, ndani ya siku 90. Kanuni za kampuni hazikuruhusu hivyo, na ombi lake likakataliwa. Shauri lilipofika mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia, kampuni ilikana kuwajibikia maelezo ya programu hiyo. Baraza liliuona utetezi huo kuwa sawa na kudai kwamba programu ni nafsi ya kisheria inayojitegemea. Mnamo Februari 2024 lilikataa dai hilo na kuamuru kampuni imlipe abiria zaidi ya dola 800 za Kanada.

Tuitazame kesi hii kwa sarufi. Katika kauli ya kutendwa, Kiswahili hutenganisha mtenda na ala. Husema: "Barua iliandikwa na Asha kwa kalamu." Na hutanguliza mtenda, kwa hutanguliza chombo. Sasa linganisha:

(a) Abiria alipotoshwa na programu.
(b) Abiria alipotoshwa na kampuni kwa programu.

Utetezi wa kampuni ulisimama juu ya sentensi (a). Uamuzi wa baraza ulisimama juu ya sentensi (b).

Tahadhari inahitajika hapa. Kihusishi na pekee hakithibitishi utu. Husemwa kwamba paa liliezuliwa na upepo, ilhali upepo hauna nia wala hauwajibiki. Hapa ndipo sentensi (a) inapopotosha zaidi: inaifanya programu ionekane kama upepo, nguvu iliyovuma tu bila mwenyewe. Programu haikuvuma. Iliundwa, ikawekwa mahali, na mtu akafaidika kwa kuwepo kwake.

Wengine watajitetea kwa methali: mjumbe hauawi. Methali hiyo inamkinga mjumbe kwa kuwa ujumbe si wake, na kwa kufanya hivyo inatuelekeza kwa aliyemtuma. Haijawahi kumkinga mtumaji. Aidha, wakala wa leo hutunga ujumbe mwenyewe, tofauti na mjumbe wa kale aliyeubeba tu. Kadiri uhuru wake unavyopanuka, ndivyo aliyempa uhuru huo anavyopaswa kutajwa waziwazi zaidi.

6. Pendekezo la istilahi

Turudi darasani. Makundi yote mawili yalikuwa na hoja, na Kiswahili tayari kina muundo unaoyapatanisha. Tunaposema "nchi wanachama zimekubaliana," nomino wanachama ni ya A-WA, lakini upatanisho unaongozwa na nchi. Neno la kwanza hutaja kitu kilivyo, la pili hutaja dhima yake.

Kwa kuufuata muundo huo, ninapendekeza istilahi programu wakala: "Programu wakala imetuma jibu", "Programu wakala zimepatana bei." Mfumo wa mawakala wengi utakuwa mfumo wa programu wakala nyingi. Istilahi hii inahifadhi uwakilishi uliomo katika neno wakala, nayo inakitambua chombo kuwa chombo. Mtunzi wa hadithi abaki na uhuru wa kutumia A-WA, kwa kuwa tashihisi ni haki yake. Mwandishi wa mkataba, sheria au habari hana haki hiyo.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba programu wakala zimejengwa juu ya nadharia tunazozisoma katika madarasa yetu: vitendo usemi, nia na uhusika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili haingii katika mjadala huu kama mgeni aliyekuja kutafsiri maneno yaliyokwisha kuamuliwa kwingine. Pendekezo lililotolewa liko wazi kukosolewa. Hata hivyo, istilahi yoyote itakayochaguliwa, sentensi zetu zibakishe nafasi ya yule anayefuata baada ya "kwa niaba ya."

Maswali ya kujadili

1. Je, upatanisho wa A-WA kwa programu wakala unaweza kutetewa nje ya kazi za kubuni? Toa hoja.
2. Linganisha methali "ahadi ni deni" na sharti la unyofu katika nadharia ya Searle.
3. Chagua habari moja ya gazeti inayohusu akili bandia. Bainisha matumizi ya na na kwa, kisha eleza ni nani aliyefichwa na sentensi hizo.