Safari ya Baiskeli Katika Milima ya Alpi: "Bila Magari" Maana Yake Nini?

Matangazo ya safari za baiskeli katika milima ya Alpi hupenda kutumia maneno mawili: bila magari. Maneno hayo yana thamani ya fedha, kwa kuwa ndiyo yanayomshawishi mtu anayeogopa kuendesha kandokando ya malori kulipa malipo ya awali. Katika somo hili tunaeleza kwamba maneno hayo hubeba maana kadhaa zinazotofautiana sana, na kwamba mnunuzi anapaswa kujua ni ipi anayouziwa kabla hajatia saini. Tunawaandikia wasomaji wanaonunua safari hizo kwa mawakala wa hapa nyumbani, pamoja na wale waishio Ulaya wanaozinunua huko huko.

Maana iliyo wazi kuliko zote ni njia iliyotengwa kabisa. Mfano wake ni njia iendayo kutoka Dobbiaco hadi Cortina d'Ampezzo, kaskazini mwa Italia. Zamani ilikuwa reli. Treni ziliacha kupita mwaka 1964, na baadaye tuta lake likageuzwa kuwa njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu. Treni haiwezi kupanda mwinuko mkali, na kwa sababu hiyo njia hiyo hupanda polepole hadi Cimabanche, mita 1,530 tu juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ni changarawe, hivyo matairi membamba hayafai. Familia yenye watoto itaifurahia. Lakini mtu aliyeonyeshwa picha ya barabara yenye kona nyingi juu ya mawingu, kisha akapelekwa huku, hakudanganywa kuhusu magari; amedanganywa kuhusu milima.

Barabara za juu kabisa, zile za kwenye picha, ni barabara za umma, na magari huzitumia majira yote ya kiangazi. Huwa hazina magari kwa siku au saa maalumu tu. Barabara ya pito la Stelvio, iliyojengwa kati ya mwaka 1820 na 1825, hupanda kutoka kijiji cha Prato kwa kona kali 48 na umbali wa kilomita 24 hivi, hadi kimo cha takriban mita 2,757. Kimo hicho kinazidi kidogo kile cha kituo cha Mandara, kwenye njia ya Marangu ya Mlima Kilimanjaro. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa majira ya kiangazi, barabara hiyo hufungwa kwa magari kwa saa kadhaa za mchana ili wapanda baiskeli waitumie. Katika Dolomiti, mapito manne yanayozunguka safu ya Sella, yaani Campolongo, Pordoi, Sella na Gardena, nayo hufungwa kwa siku maalumu. Siku hizo si mashindano wala hazina ada ya kushiriki. Ukiona katika ankara yako kipengele cha "ada ya kushiriki", omba maelezo. Kwa upande wa Ufaransa, mamlaka za wilaya za milimani hufunga mapito mbalimbali kwa saa chache za asubuhi katika tarehe zinazotangazwa kila mwaka. Adhuhuri inapofika, magari hurudi.

Hapo ndipo hasara hutokea. Safari ya siku saba inaweza kutangazwa kuwa "bila magari" kwa sababu ya saa sita za siku moja. Tarehe nayo haitegemei wakala: theluji inaweza kuanguka juu ya Stelvio hata mwezi Agosti, na mamlaka ikiahirisha siku hiyo, ndege yako haitaahirishwa.

Ipo pia hali ya katikati. Barabara ya Grosse Scheidegg nchini Uswisi, kati ya Grindelwald na Schwarzwaldalp, imekatazwa kwa magari binafsi, ila mabasi ya posta ya rangi ya manjano hupita. Barabara ni nyembamba na mwinuko ni mkali. Basi lina haki ya kupita kwanza, na dereva hupiga honi ya sauti tatu kabla ya kona. Mwendeshaji aliyeambiwa kwamba hakuna gari lolote, naye anashuka kwa kasi katikati ya barabara, amewekwa hatarini na tangazo. Tungependa kila wakala anayeuza njia hii aandike neno "basi" kwenye kipeperushi chake.

Kuhusu maneno "barabara tulivu" au "magari machache", tusikawie: hayana ahadi yoyote ndani yake. Barabara kongwe ya Tremola, upande wa kusini wa pito la Gotthard, hupishwa na magari mengi kwa sababu wenye haraka hupita kwenye handaki lililofunguliwa mwaka 1980. Hata hivyo haijafungwa, na pikipiki huipenda.

Njia ndefu zina jambo moja zaidi la kuchunguza: kiungo kinachozikamilisha. Njia ya Alpe Adria, yenye urefu wa takriban kilomita 410 kutoka Salzburg nchini Austria hadi Grado katika ufuko wa Italia, haivuki safu kuu ya milima kwa barabara. Msafiri hupanda treni pamoja na baiskeli yake, kutoka Böckstein hadi Mallnitz, kupitia handaki la Tauern, kwa dakika kumi na kitu. Kati ya Novemba 2024 na Julai 2025 handaki hilo lilifungwa kwa matengenezo. Aliyekusudia kusafiri katika majira ya kuchipua ya mwaka huo alihitaji kujua mapema atavushwaje. Muulize wakala swali hilo hilo kwa kila njia yenye treni, kivuko au kamba ya kubebea abiria.

Sasa tuje kwenye mkataba. Ukinunua kwa mfanyabiashara aliye ndani ya Umoja wa Ulaya safari inayojumuisha, kwa mfano, usafiri na malazi kwa pamoja, unalindwa na Maagizo ya Umoja huo ya mwaka 2015 kuhusu safari za jumla. Mwandalizi akilazimika kubadilisha kwa kiasi kikubwa sifa kuu za safari kabla haijaanza, unaweza kujitoa bila kutozwa na kurejeshewa malipo yako ndani ya siku 14. Unaweza kujitoa vilevile akipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8. Mahitaji maalumu ya msafiri ambayo mwandalizi ameyakubali ni lazima yaandikwe katika mkataba. Kifungu hicho cha mwisho ndicho tunachokithamini zaidi, maana ahadi ya kutokuwepo magari ikibaki kwenye kipeperushi au kwenye simu, utabishana nayo kwa taabu. Uswisi haimo katika Umoja huo, ila ina sheria yake ya safari za jumla ya mwaka 1993. Anayejipangia mwenyewe, hoteli huku na baiskeli ya kukodi kule, kwa kawaida hapati kinga hizo.

Kwa wanaonunua kwa wakala wa hapa, Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wateja katika biashara, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Popote uliponunua, tunashauri uombe sentensi ya namna hii iingizwe: "Tarehe iliyotajwa, msafiri atapanda pito la Stelvio kutoka Prato, barabara ikiwa imefungwa kwa magari kwa amri ya mamlaka, ikiwa haikufungwa, mwandalizi atamrejeshea kiasi kilichotajwa hapa." Wakala anayekataa kuiandika amekwisha kukujibu.

Kukosekana kwa magari hakuondoi hatari za mlima. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo kilele cha Stelvio kinaweza kuwa na baridi zaidi ya Prato kwa nyuzi 12, na upepo wa kushuka huzidisha. Chukua glovu na koti hata kama umeondoka ukitokwa jasho. Kagua breki za baiskeli ya kukodi mbele ya mwenye duka, na piga picha ya mikwaruzo iliyopo. Anayetaka baiskeli ya umeme aikodi huko huko, kwa maana betri inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi katika ndege za abiria, na betri za baiskeli hizo huzidi kiwango hicho.

Viza ya Schengen hudai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Soma masharti yake uone kama inagharimia uokoaji milimani kwa helikopta, na kama kuendesha baiskeli milimani kumetajwa miongoni mwa visivyolipiwa. Nambari ya dharura ni 112, katika Italia, Austria, Ufaransa na Uswisi pia.