Firimbi ni amana: Tujifunze kutokana na mpira wa kikapu wa Marekani



Ndugu msomaji, siku za karibuni mtoto wa dada yangu alinijia baada ya swala ya Isha akiwa amenuna. Nilidhani anaumwa. Nilipomdadisi akaniambia kuwa mkeka wake umechanika. Aliweka pesa kwenye mechi za mpira wa kikapu za Marekani, ligi ya NBA, na mchezaji aliyemtegemea akatolewa mapema na kukaa benchi mpaka mechi ikaisha.

"Mjomba, wale jamaa wameuza mechi," alisema kwa uchungu.

Nikamwuliza, "Na wewe je, ulikuwa umenunua nini?"

Akanyamaza. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa pesa ile ilikuwa sehemu ya ada yake ya chuo.

Swali la kijana yule halikunitoka kichwani. Je, katika michezo ya kulipwa, ambako mamilioni ya dola yanazunguka, uadilifu bado upo? Na sisi Waislamu tunaotazama kutoka mbali, tuna la kujifunza? Kwa kuwa vijana wetu wengi wa mijini wanaifuatilia ligi hiyo, hasa tangu Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipochaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, nimeona jambo hili tulitazame kwa jicho la dini yetu.

MCHEZO SI JAMBO DOGO

Wapo wanaosema, mchezo ni mchezo tu, haki na dhulma za nini huko? Hao wanakosea. Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.). Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda. Baadaye wakashindana tena, akashinda Mtume (s.a.w.), naye akamwambia kwa utani kuwa ushindi huu ni malipo ya ule wa kwanza. Kisa hiki kimepokelewa na Abu Daud. Hakuna aliyenuna wala kudai kuwa ameonewa. Hiyo ndiyo adabu ya mchezo.

Uadilifu ni kumpa kila mwenye haki haki yake. Katika mpira wa kikapu timu zote mbili huanza na sifuri. Kikapu kipo futi 10 juu ya sakafu, kwa tajiri na kwa maskini. Mechi ya NBA ina dakika 48, zilizogawanywa katika vipindi vinne vya dakika 12. Wapo waamuzi watatu uwanjani, na maelfu ya watu wamelipa viingilio kwa kuamini kwamba atakayeshinda ni yule aliyecheza vizuri zaidi. Imani hiyo ikiondoka, kinachobaki ni watu warefu wanaokimbia huku na huko.

REFA ALIYEUZA SIRI

Mwaka 2007 imani hiyo ilitikiswa. Tim Donaghy, refa aliyekuwa amechezesha NBA kwa misimu 13, aligundulika kuwa anacheza kamari juu ya mechi za ligi hiyo, zikiwamo alizochezesha mwenyewe. Pamoja na hayo alikuwa akiwapenyezea wacheza kamari habari za ndani: refa gani atachezesha wapi, nani ana uhusiano gani na nani, mchezaji yupi ni mgonjwa. Waliokuwa wakimtumia walikuwa watu aliosoma nao sekondari. Kila utabiri wake ulipofaulu alilipwa dola 2,000, na baadaye zikapandishwa hadi dola 5,000. Agosti 2007 alikiri makosa mahakamani, na Julai 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15.

Donaghy alikana kwamba alipuliza firimbi kwa makusudi ili kupindua matokeo. Uchunguzi ulioagizwa na ligi yenyewe, uliotolewa mwaka 2008, nao haukupata ushahidi wa jambo hilo. Sawa, tuseme ni kweli. Lakini je, mtu mwenye pesa yake upande mmoja anaweza kuona faulo za pande zote mbili kwa jicho moja?

Hapa tukumbuke mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Amekataza hakimu kuhukumu baina ya watu wawili hali akiwa amekasirika, kama ilivyopokelewa na Bukhari na Muslim. Hakimu huyo hajala rushwa. Anaweza kuwa mcha Mungu. Ila moyo wake hautulii, na moyo usiotulia hauoni sawasawa. Ikiwa hasira peke yake inatosha kumzuia mtu asihukumu, itakuwaje kwa aliyeweka dola zake upande mmoja? Na ametufundisha pia kuwa mahakimu ni watatu, wawili motoni na mmoja peponi. Wa peponi ni yule aliyeijua haki akahukumu kwayo. Mwenye firimbi naye ni hakimu, japo hukumu yake ni ya nusu dakika.

MCHEZAJI ALIYEJIFANYA MGONJWA

Kisa cha pili ni cha karibu zaidi. Tarehe 20 Machi 2024, Jontay Porter wa timu ya Toronto Raptors aliingia uwanjani dhidi ya Sacramento Kings, akacheza kwa muda usiofika dakika tatu, akatoka akisema anajisikia vibaya.

Ili kuelewa kilichotokea, lazima tujue namna kubeti kwa siku hizi kunavyofanya kazi. Zamani watu walibeti nani atashinda. Leo mtu anaweza kubeti kwamba mchezaji fulani hatafikisha idadi fulani ya pointi. Kwa hiyo mchezaji hana haja ya kuifungisha timu yake. Akitaka kuwafurahisha wacheza kamari, inatosha ashike tumbo na kwenda kukaa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kuna aliyekuwa ameweka dola 80,000 ili avune dola milioni 1.1. Kampuni ya kamari ikashtuka, ikazuia malipo na kutoa taarifa. Aprili 2024 ligi ilimfungia Porter maisha, na Julai mwaka huo huo akakiri kosa mahakamani. Sababu? Alikuwa na madeni makubwa ya kamari, na waliomdai walimwonesha njia ya kuyalipa: atoke uwanjani mapema. Kwanza alicheza kamari, kisha kamari ikamchezea yeye.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta juu pakavu na ndani pana maji. Akamwambia muuzaji kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Imepokelewa na Muslim. Mchezaji anayeuza maumivu ya uongo ni sawa na muuzaji yule. Hata wale wanaojiangusha makusudi ili mwenzao ahesabiwe faulo wamo humo humo. NBA ilianza kuwatoza faini wachezaji wa namna hiyo msimu wa 2012/13, kuanzia dola 5,000 mpaka 30,000, na tangu msimu wa 2023/24 anayejiangusha huwapa wapinzani nafasi ya kurusha mpira kikapuni bila kuzuiwa.

Oktoba 2025 watu wengine kadhaa wa ligi hiyo, wakiwamo mchezaji na kocha, walikamatwa kwa tuhuma zinazohusu kamari, nao wakakana mashtaka. Sitawataja majina wala kuwahukumu. Dini yetu inatutaka tuhakikishe kwanza. Lakini kila mwenye akili ajiulize, kwa nini moshi unafuka kila mara kutoka jiko lile lile?

VIPIMO VIWILI

Wala tusiwalaumu wachezaji peke yao. Mwaka 2012 NBA ilikuwa miongoni mwa walioishitaki serikali ya jimbo la New Jersey ili kuizuia isihalalishe kubeti michezo. Mwaka 2014 kamishna wake, Adam Silver, aliandika gazetini akitaka kubeti kuhalalishwe na kusimamiwa. Mei 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikafungua mlango kwa majimbo yote, na miezi miwili tu baadaye ligi ikaingia mkataba na kampuni kubwa ya kasino. Mchezaji akibeti mechi za ligi ni kosa. Ligi ikichukua pesa za kubeti ni biashara. Allah (s.w.) katika Suratul Mutaffifiin anawaonya wale ambao wakipokea hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia wengine hupunguza. Tutafakari.

Kwa haki, tuwasikilize na wao. Wanasema kamari ya wazi ni rahisi kuilinda kuliko ya vichochoroni, na ni kweli kwamba Porter aligundulika kwa sababu kampuni zilitoa taarifa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Qur'an haikusema kuwa kamari haina manufaa yoyote. Katika Suratul Baqarah aya ya 219 Allah (s.w.) anatufahamisha kuwa katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suratul Maidah aya ya 90 akatuamrisha tujiepushe nayo kabisa.

NAMI SIJASALIMIKA

Nikiishia hapo nitakuwa nimewasema watu wa mbali na kujificha mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, mtaani kwetu palikuwa na bonanza la mpira wa kikapu la vijana. Mimi nilipewa saa na firimbi ya kumaliza mchezo. Timu ya mtaa wetu ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Muda ulikwisha, na niliona kwa macho yangu kuwa umekwisha. Sikupuliza. Nilingoja sekunde tatu au nne mpaka kijana wetu akafunga, ndipo nikapuliza.

Tulibebana kwa furaha. Katika vurugu ile nahodha wa timu iliyoshindwa alinifuata, akanipa mkono na kusema, "Ahsante kwa kazi, kaka." Hakujua. Mpaka leo sijui aliko ili nimwombe radhi, na mkono ule naukumbuka kuliko ushindi wenyewe.

Hakuna aliyenipa hata senti. Niliidhulumu timu ile kwa mapenzi ya mtaa wangu tu. Ndipo nikaelewa kwa nini Allah (s.w.) katika Suratun Nisaa aya ya 135 anatutaka tusimamie uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa, na katika Suratul Maidah aya ya 8 anatukataza chuki juu ya watu isitupeleke kwenye kutowafanyia uadilifu. Pesa ni mlango mmoja wa dhulma. Mapenzi na chuki ni milango mingine.

ADABU YA KUSHINDWA

Yapo pia mazuri ya kuiga. Kareem Abdul-Jabbar, Muislamu, alishika rekodi ya kufunga pointi nyingi kuliko wote katika NBA tangu Aprili 1984, akamaliza na pointi 38,387. Tarehe 7 Februari 2023, baada ya karibu miaka 39, LeBron James aliivunja. Kareem, akiwa na umri wa miaka 75, alikuwapo ukumbini. Mchezo uliposimamishwa alisimama, akauchukua mpira na kumkabidhi kijana aliyemvua taji.

Nilipotazama tukio lile nilimkumbuka Al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (s.a.w.) ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja bedui alikuja na ngamia wake mchanga akamshinda. Masahaba wakaona uzito. Mtume (s.a.w.) akawafahamisha kuwa ni haki juu ya Allah kwamba hakuna kitu kinachopanda katika dunia hii ila hukishusha. Imepokelewa na Bukhari. Anayelielewa hili hatahitaji kununua refa, wala kuchelewesha firimbi.

Na kijana asiseme kuwa dini humrudisha mtu nyuma. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alicheza NBA huku amefunga Ramadhani ya mwaka 1995, na mwezi huo wa Februari akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wazazi tuwe macho. Vibanda vya kubeti vimejaa mitaani, simu ya mtoto imekuwa kasino, na klabu zetu kubwa zimewahi kuvaa jezi zenye majina ya kampuni hizo. Tuzungumze na vijana kabla ada haijaliwa.

Pili, madrasa na shule zetu ziendeshe michezo, na wanafunzi wafundishwe kushika firimbi na saa kama wanavyofundishwa kushika mizani. Mtoto aliyezoea kusema "huo mpira umenigusa mimi" wakati refa hakuona, huyo kesho ndiye tutakayemwamini na fedha za msikiti.

Tatu, kila mmoja ajiulize ana firimbi gani mkononi. Mwalimu anayesahihisha mitihani, mwenye duka, mwenyekiti wa mtaa, sote tuna timu tunazozipenda.

Yule mpwa wangu tumekubaliana. Ameifuta programu ya kubeti kwenye simu, nami nitamsaidia nusu ya ada, nusu ataifanyia kazi mwenyewe. Jumamosi iliyopita tuliangalia mechi pamoja, timu yake ikafungwa. Akacheka, akasema, "Wametuzidi, Mjomba." Nikamwambia, hiyo ndiyo mechi ya kwanza uliyoitazama bure.

Wabillahi Tawfiiq.