Muhogo kila siku, mtoto atapata protini wapi?

*Mume wangu haendi tena baharini kama zamani. Mwanangu wa miaka miwili anakula ugali wa muhogo na kunde, samaki kwa nadra. Nasikia protini ya mimea haifai kitu. Ni kweli? Mama F., Palma*

Mama, unahofia kwamba bila samaki mtoto hatakua. Kunde zinafaa sana. Protini ni kama uzi wa shanga za aina 20, ziitwazo asidi amino. Mwili hufumua uzi huo, ukatunga wake: misuli, damu, nywele. Aina 9 hauwezi kuzitengeneza, lazima ziliwe. Kati ya hizo, kunde zina lisini nyingi, methionini kidogo. Mahindi na mchele ni kinyume chake. Basi mpe wali kwa kunde, karanga zilizotwangwa laini kwenye uji, na dagaa wakipatikana. Kama bado ananyonya, endelea.

Kinachonitia wasiwasi ni muhogo. Protini yake ni haba mno, na ule mchungu una sianidi, sumu ambayo mwili huiondoa kwa salfa itokayo kwenye asidi amino za methionini na sisteini. Mwaka 1981, ukame ulipowaachia watu wa Nampula, Msumbiji, muhogo mchungu tu, zaidi ya 1,000 walipooza miguu. Ili kupunguza sumu hiyo, unga wa muhogo uchanganye na maji, utandaze mwembamba kivulini kwa saa tano, kisha upike siku hiyohiyo.

Ukiona miguu au uso umevimba, nywele zimefifia rangi, anakataa kula, au miguu imekakamaa ghafla, mpeleke kituo cha afya bila kungoja kesho.